Mwaridi wa Mlango wa Jikoni

Ukimkuta Mzee Pindo barabarani Jumanne asubuhi, usimwulize anakwenda wapi. Atakujibu, na jibu lake ni refu. Anakwenda kitaluni kutafuta mwaridi. Kitalu gani, na kwa nini hicho na si kile cha jirani, hapo ndipo utakapochelewa kazini.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Kwa miaka arobaini alishona sare za shule, na kila mzazi aliyekuja kulalamika kwamba kazi inachelewa aligeuziwa sketi nje ndani, akaonyeshwa mshono wa chini. "Fundi hajulikani kwa mbele," alikuwa akisema. "Fundi anajulikana kwenye pindo." Jina likaganda. Hata mkewe alimwita hivyo wakigombana. Wakipatana alimwita baba watoto.

Mke huyo alifariki miaka mitatu iliyopita. Usidhani kwamba Mzee Pindo alishindwa kuishi bila yeye. Aliishi, alikula, alikoroma, na binti yake, ambaye mzee alihamia nyumbani kwake, ni shahidi wa huko kukoroma. Shida yake ilikuwa nyingine: alianza kumsahau. Sura ilikuwapo kwenye picha, lakini sauti ilitangulia kupotea, halafu mwendo, halafu jinsi alivyokuwa akicheka. Kilichobaki ni harufu moja tu, ya mlango wa jikoni wa nyumba yao ya zamani, asubuhi, mwaridi umechanua na mkewe amesimama pale pale. Aliamini kwamba akiinusa tena harufu hiyo, hata mara moja, mkewe atamrudia kichwani mzima mzima. Na kila mwezi uliopita aliiona nayo ikififia. Hicho ndicho kilichomtoa nyumbani kila Jumanne. Majirani walisema ni uzee.

Mwaridi wenyewe haukuwapo tena. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alipoitaka, mzee aliung'oa kwa mikono yake katikati ya kiangazi, nusu ya mizizi ikabaki ardhini. Akaja kuupanda kwa binti yake, mlangoni pa jikoni vilevile. Siku tisa hazikuisha, ukawa kuni. Akarudi kule alikoung'oa kutazama kama umeachia chipukizi, akakuta uwanja wote umemwagwa zege. Alisimama juu ya zege lile akalia, mchana kweupe, watu wanapita.

"Baba," binti yake alimwambia baada ya hapo, "waridi ni waridi. Twende tukanunue lolote, tupande, yaishe."

"Na mama ni mama," mzee akajibu. "Nikuletee mwingine yeyote?"

Binti hakulisema tena neno hilo.

Basi akaanza kutafuta. Ushahidi aliokuwa nao ni kipande cha kitambaa cha pamba, ukubwa wa leso, rangi ya pinki iliyopauka kidogo. Mwaka mmoja mwaridi ulipochanua, mkewe alichuma ua akamwekea juu ya cherehani na kusema, "Nishonee gauni la rangi hii. Hii hii, usiniletee ndugu yake." Mzee, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alizunguka maduka manne na ua likimnyaukia mkononi, mpaka akaipata. Gauni lilivaliwa likaisha. Kipande kilichobaki alikihifadhi ndani ya daftari la vipimo, na sasa kilitembea naye mfukoni.

Kitalu cha kwanza kilikuwa kile cha kando ya barabara kuu, cha bwana mmoja ambaye mzee alimbatiza Bwana Vyote. Ukitaka mpapai anao, ukitaka nyasi anazo, ukitaka vyungu, samadi, sanamu ya bata ya saruji, vyote vipo. Mzee alitoa kitambaa chake na kueleza: ua dogo, petali tano, linachanua kwa vishada mara moja kwa mwaka, matawi marefu yanayoegemea ukuta. Bwana Vyote hakumwacha amalize.

"Huu hapa, mzee wangu. Wenyewe kabisa!"

"Mbona hauna ua?"

"Utatoa."

"Na kibandiko kimeandikwa ndimu?"

"Hicho ni cha jirani yake, kimeanguka tu."

Mzee aliinua kiriba, ule mfuko mweusi wa mche, akatazama chini yake. Ni tabia ya kazi. Amezoea kutazama pindo. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani mara nyingi kama uzi uliosokotana, imekaa humo miaka. Akaurudisha taratibu, akashukuru, akaondoka. Mshika mbili moja humponyoka, na yule alikuwa ameshika hamsini.

Siku hiyo alipata kanuni yake ya kwanza, naye aliipenda sana kwa sababu aliijua tangu zamani bila kujua. Fundi anayeshona suti na mahema na viti vya magari, usimpelekee suti. Tafuta anayeshona suti tu, hata kama anakaa mbali, hata kama ana kiburi. Na kiburi atakuwa nacho. Kanuni ya pili ilikuja baadaye kidogo: muuzaji mzuri wa miche anakuuliza wewe kwanza. Anauliza udongo wako ukoje, jua linapiga upande gani, maji unapata wapi. Anayekimbilia kukuambia utatoa, mwache na bata wake.

Alizunguka. Aliingia kitalu cha miti ya matunda peke yake, wakamcheka kwa heshima. Aliingia cha mimea ya miiba ya jangwani, akachomwa. Mpaka akafika kwa bwana mmoja aliyekuwa karani wa benki, akastaafu akafungua kitalu cha mikangaga, ile mimea ya majani kama manyoya inayopenda kivuli na unyevu. Humo ndani kulikuwa na giza la kijani, maji yanadondoka, na bwana mwenyewe alizungumza kwa kunong'ona kana kwamba mikangaga imelala.

"Mimi maua siyajui," alinong'ona. "Mmea wangu ukitoa ua nitaita polisi."

Mzee Pindo akacheka, mara ya kwanza baada ya majuma. Akajikuta anamweleza mambo yote, mwaridi, zege, kitambaa, mpaka mke. Yule bwana alisikiliza huku akinyunyiza maji.

"Umekwenda kwa Mama Miiba?"

"Ndiye nani?"

"Anauza mawaridi tu. Hana hata nyasi. Ukimwomba samadi anakufukuza. Shuka kituo cha mwisho, panda kilima, ukisikia mtu anagomba umefika." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Yeye akisema haupo, mzee, basi haupo. Uwe tayari."

Hakuwa tayari. Jumanne iliyofuata hakwenda. Alikaa mlangoni pa jikoni kwa binti yake, akitazama lile shimo alilolichimba kwa ajili ya mwaridi uliokufa, ambalo alikataa lifukiwe. Maadamu hajaulizwa Mama Miiba, mwaridi ulikuwa bado upo mahali fulani. Akiulizwa akisema haupo, mzee ataubeba wapi huo moyo? Binti alimwona, akamletea kikombe cha chai, akakaa naye kwenye ngazi. Kisha akasema, "Baba, mimi nakumbuka miiba yake tu. Ilinichana hapa," akaonyesha kiwiko. "Harufu siikumbuki kabisa. Nenda kaulize." Jumanne ya pili yake akaenda.

Mama Miiba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aproni ya turubai, mikono imechanwachanwa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anamgombeza mteja aliyetaka waridi la kuweka sebuleni.

"Sebuleni weka televisheni!" Mteja akaondoka. Ndipo akamgeukia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nyumbani kwako jua linapiga wapi?"

Mzee hakuambiwa bei, hakuambiwa utatoa. Akaeleza jua, akaeleza udongo, akatoa kitambaa, akasimulia ua na gauni la mkewe. Mama Miiba alikipokea kwa ncha za vidole, akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza upande wa ndani ambako rangi haijapauka. Mzee alipoona amekigeuza, alijua amefika kwa fundi mwenzake.

Walitembea safu kwa safu. Aina mia moja na kumi na mbili, kila moja na kibandiko chake cha bati kilichoandikwa kwa msumari. Pinki zilikuwa thelathini. Hii ina petali nyingi mno. Hii inachanua mwaka mzima. Hii haipandi ukuta. Jua la utosi liliwakuta mwisho wa safu ya mwisho, na Mama Miiba akamrudishia kitambaa.

"Sina, mzee wangu. Na ninavyojua mimi, hakuna anayeuza kitu kama hicho. Petali tano, mara moja kwa mwaka, nani atanunua?"

Mzee alikikunja kitambaa mara mbili, mara nne. Alitaka kusema asante, lakini akabaki anakunja.

Labda ni huko kukunja. Mama Miiba alimtazama, akaacha kugomba kwa mara ya kwanza siku ile. "Keti," akasema, akamvutia ndoo na kuigeuza. "Niambie. Huo mwaridi mlinunua wapi?"

"Mke wangu aliununua. Tulikuwa tumeoana miezi michache."

"Na siku anaununua, ulikuwa na ua?"

"Ulikuwa nalo. Kubwa, la njano." Mzee akasikia alichokisema. "La njano," akarudia.

Alikuwa amelisahau. Miaka thelathini na minane! Lilikuwa ua kubwa kama kikombe, njano ya siagi, na mkewe alilibeba mapajani njia nzima kama mtoto. Lilichanua mwaka wa kwanza, likachanua wa pili. Kisha ikatokea siku ambayo mume, kijana, fundi wa mkasi, aliona matawi yamekaa ovyo, akaamua kuyapogoa wakati mke hayupo. Alikata kama anavyokata kitambaa, akanyoosha mstari mmoja chini kabisa, karibu na udongo. Haraka haraka haina baraka. Mkewe aliporudi alikuta kisiki cha urefu wa kidole.

"Kulikuwa na kifundo kwenye shina?" Mama Miiba akauliza. "Uvimbe, hapa chini?"

"Kulikuwa. Nilikata chini yake. Niliona ni kasoro."

"Haya, simama uje."

Alimpeleka nyuma ya kitalu, pasipofika wateja. Huko hakukuwa na rangi. Kulikuwa na uwanja mzima wa vijiti vya kijani, safu baada ya safu, maelfu, vyote vimekatwa usawa wa goti.

"Waridi la dukani halisimami kwa miguu yake, mzee," Mama Miiba akasema. "Mizizi yake ni dhaifu. Kwa hiyo tunachukua huu hapa, wa porini, mgumu, tunauchanja, tunaubebesha kijicho, yaani chipukizi dogo, cha lile zuri. Likishika, tunakata kichwa cha huu. Pale palipoungana ndipo kifundo. Mia na kumi na mbili zote ulizoziona zimesimama juu ya huu mmoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunauita mguu. Wewe ulikata kichwa, mguu ukaota."

Mzee Pindo aliitazama miguu ile maelfu. Miezi kumi na minne alikuwa ameutafuta mwaridi wake katika vitalu vyote, na kila kitalu chenye waridi kilikuwa nao, chini, udongoni, mahali ambapo hata yeye mtazama pindo hakuwaza kutazama. Lakini furaha haikuja kama alivyoitarajia. Kilichokuja kwanza ni aibu.

"Kwa hiyo lake nililiua," akasema. "Alichagua la njano. Mimi nikaliua, akakaa na hili miaka yote hiyo, na wala hakunisema."

"Hakukusema hata siku moja?"

"Siku ile alikitazama kile kisiki, akasema, 'Ngoja tuone kitafanya nini.' Basi. Sikumwuliza tena. Na sasa nimwulize nani?"

Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na huyu wa Mzee Pindo alikuwa amekua na ndevu. Mama Miiba alinyoosha mkono. "Lete hicho kitambaa." Akakifunua. "Hili gauni alikuomba, au ulimshonea tu kumfurahisha?"

"Aliomba mwenyewe. Alisema rangi hii hii, nisimletee ndugu yake. Nilizunguka maduka manne."

"Basi unauliza nini? Mwanamke hazungushi mtu maduka manne kwa rangi ya kitu alichokivumilia."

Mzee alikipokea kitambaa akakibana kifuani, akalia kidogo, na Mama Miiba akajifanya anang'oa magugu mahali pasipo na magugu.

Alimchimbulia mguu mmoja, wenye mizizi mizuri iliyonyooka, akaufunga kwenye gunia bichi. Mzee akatoa pochi. "Hauna bei," Mama Miiba akasema kwa ukali. "Miguu hatuuzi. Ila nakupa sharti. Miaka thelathini naikata hii kabla haijatoa hata tumba. Ua lake sijawahi kuliweka puani. Likichanua, uje uniambie linanukiaje."

Mzee akaahidi. Linanukiaje? Angeweza kumwambia palepale! Au alidhani angeweza.

Mwaridi ulishika. Mwaka wa kwanza ulitoa matawi tu, na mzee akakaa ngazini akiulinda dhidi ya binti yake, aliyekuwa na mkasi wa kukatia mboga na nia njema. Mwaka wa pili, mvua zilipokatika, vikatoka vishada. Jumatatu moja asubuhi kishada cha kwanza kikafunguka, kila ua petali tano, pinki ile ile. Mzee alivaa shati safi. Alitoka jikoni, akasimama mahali mkewe alipokuwa akisimama, akafumba macho, akainamia ua moja.

Halikunukia.

Akainama tena. Lilikuwa na harufu kidogo ya jani bichi, kama mmea wowote ukiupita. Akanusa la pili, la tatu. Binti alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, mikono magotini.

"Baba, nini?"

"Si lenyewe."

"Ni lenyewe. Ona, limeshanichana." Akamwonyesha kiwiko.

Ndipo mzee akajua kwamba ni lenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Lakini ahadi ni deni, na mzee hakuwahi kuchelewesha sare ya mtu. Siku ya pili, Jumanne, alikata kishada kimoja. Njia ilikuwa ndefu na jua kali, na hakuona kitu cha kukifungia ila kile kitambaa cha mfukoni. Akakilowesha bombani, akakikamua, akafungia maua, akapanda kilima.

Mama Miiba aliacha wateja wawili wamesimama, akamvutia ndoo ile ile.

"Limechanua?"

"Limechanua. Nimekuletea. Lakini nikuambie ukweli, mama, halinukii. Mimi nililitafuta nikidhani atakuja nalo."

Mama Miiba hakusema pole. Alipokea furushi, akalifungua juu ya goti lake, maua na kitambaa bichi pamoja, akaingiza uso mzima.

"Mbona linanukia," akasema. "Linanukia kama nguo zilizoanikwa."

Mzee aliuchukua mzigo ule mikononi mwake. Na hapo, kabla hajaufikisha puani, akakumbuka kazi. Pamba mpya hailetwi kwenye mkasi ikiwa kavu. Itasinyaa ikifuliwa, sare zitabana. Lazima iloweshwe kwanza, ianikwe. Na aliyelowesha vitambaa vyake, kila asubuhi kwa miaka yote ile, akavikamua na kuvitandaza juu ya mwaridi mlangoni pa jikoni kwa kuwa kamba haikutosha, alikuwa ni nani?

Akanusa. Alikuwa pale, mikono imelowa mpaka viwikoni, pini mdomoni, anamcheka kwa kitu alichokisema, na sauti yake ilikuwa nene kidogo kuliko alivyokuwa akidhani. "Pindo wewe," alikuwa anasema, ingawa siku hiyo hawakuwa wamegombana.

Mzee Pindo hakuthubutu kusogea. Wateja walianza kuguna, Mama Miiba akawanyamazisha kwa mkono. Jua la kilimani lilikuwa kali, na kitambaa kilikuwa chembamba, pamba nyepesi ya gauni, kimeanza kukauka kwenye pembe.

"Mama," akasema bila kufumbua macho, "una maji hapo karibu?"